Usiku wa Vimondo Kundelungu

Uwanda wa juu wa Kundelungu, ulioko kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, umesimama kati ya bonde la Lufira na bonde la Luapula, ukifikia kimo cha mita 1,700 hivi. Wengi wa wanaokwenda huko huyaendea maporomoko ya mto Lofoi, yaangukayo zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa mlima. Sisi, walimu wawili na wanafunzi sita, tulikwenda mwanzo wa mwezi wa Mei kwa sababu nyingine: tulitaka anga lisilo na mawingu wala taa. Wakati huo mvua zimekwisha, nyasi zimeanza kukauka, na baridi ya usiku hupenya mpaka mifupani. Asiye na koti zito na blanketi asithubutu.

Kila mwaka, karibu na tarehe 5 na 6 Mei, vimondo huonekana kwa wingi kabla ya mapambazuko. Kimondo ndicho watu wakiitacho nyota iangukayo. Lakini hakuna nyota inayoanguka. Ni chembe ya vumbi, pengine ndogo kama punje ya mchanga, iingiayo katika hewa ya juu kwa mwendo wa kilomita 66 kwa sekunde, ikaungua yapata kilomita 100 juu ya vichwa vyetu. Kwa mwendo huo ungetoka Lubumbashi ukafika Kinshasa kabla ya nusu dakika kutimia. Na vumbi lenyewe limeachwa njiani na ile nyota yenye mkia iitwayo kwa jina la Mwingereza Edmond Halley. Huyo alitabiri kwamba itarudi mwaka 1758. Ikarudi kweli, naye alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1742. Mara ya mwisho ilifika mwaka 1986, na itafika tena mwaka 2061.

Wakristu wa Ulaya huviita vimondo vya Agosti machozi ya Mtakatifu Laurenti, shahidi aliyeuawa Roma mwaka 258, kwa kuwa huja karibu na sikukuu yake, tarehe 10. Kwetu Katanga hivyo huonekana vichache, chini kabisa upande wa kaskazini. Vya Mei ndivyo fungu letu: sisi tulioko kusini twaviona vizuri kuliko wao.

Basi tuliamka saa nane za usiku, tukasali kwa kifupi, tukajilaza juu ya mikeka tukielekea mashariki. Kamera tuliisimamisha juu ya miguu yake mitatu, tukafungua lenzi kadiri ilivyowezekana, tukailenga nyota moja ing'aayo sana mpaka ikaonekana kama nukta ndogo. Kisha tukaiacha ipige picha mfululizo, kila moja ya sekunde 20. Ikikaa wazi zaidi sana, nyota hugeuka kuwa mistari, maana dunia inazunguka. Taabu kubwa ni umande: kila robo saa mmoja wetu alitoka katika blanketi akapangusa kioo kwa kitambaa kikavu. Betri ya akiba tuliiweka kwapani, kwa sababu baridi huinyonya nguvu upesi.

Mwanafunzi mmoja alijifunika mpaka kichwani. Mama yake alikuwa amelazwa hospitalini tangu majuma mawili, na nyumbani kwao husemwa kwamba nyota ikianguka, mtu amekufa.

«Mwalimu,» akasema, «sitaki kuiona ya mama.»

Wenzake wakaanza kucheka. Tukawanyamazisha, kwa maana hofu ya namna hiyo si kitu cha kuchekwa. Habari za vumbi na za Halley alikuwa amekwisha kuzisikia darasani, wala hazikumsaidia. Tukamwambia: «Mwana, tazama kule nyuma yetu. Ile nyekundu ni moyo wa Nge, na zile zilizopindika ni mkia wake. Chagua nyota kumi, uzilinde. Ikipotea moja, utuambie.»

Akafunua uso. Kufika saa kumi wenzake walikuwa wamehesabu vimondo 23. Tukamwuliza habari za nyota zake. «Ziko kumi,» akajibu, na sauti yake ilikuwa nyingine. Hata hivyo hakuacha kuzihesabu.

Kabla kidogo ya saa kumi na moja kimondo kikubwa kilipita kutoka mashariki mpaka karibu na utosi, kikaacha nyuma yake mstari wa mwanga uliodumu sekunde kadhaa kama moshi. Hakuna aliyesema neno. Kamera, bila shaka, ilikuwa ikitazama upande mwingine.

Kulipopambazuka hesabu yetu ilikuwa 37, na picha zilikuwa 300. Tulipozipitia moja moja, tulipata vimondo vinne tu. Mistari mingine ilikuwa ya setilaiti. Hiyo hutambulika kwa urahisi, kwa kuwa huendelea kutoka picha hii hadi ya pili, hali kimondo hukaa katika picha moja. Wanafunzi walisikitika kwa mavuno hayo haba. Kwa maoni yetu, jicho la mtu aliyelala chali laishinda kamera. Picha ni ya kuwaonyesha wale wasiokuwapo.

Yule kijana naye aliomba picha, lakini si ya kimondo. Alitaka ile ya majaribio tuliyoipiga kwanza, yenye Nge mzima na nyota zake zote, aipeleke hospitalini siku ya Dominika baada ya Misa.