Taya la Jiwe na Jina Lake

Kukipa kitu jina ni kazi. Kukipa jina lisilokizidi ni kazi kubwa zaidi. Sisi watunzi tumezoea adabu hiyo, kwa kuwa mizani haivumilii silabi ya ziada. Msimu huu nimeikuta adabu ile ile mahali nisipoitarajia: katika kipande cha taya kilichogeuka jiwe, urefu wake kiganja, nilichokiokota ufukweni kati ya Lyme Regis na Charmouth, kusini mwa Uingereza. Huko dhoruba za majira ya baridi huporomosha magenge, na visukuku vilivyofunikwa chini ya bahari yapata miaka milioni 200 iliyopita huanguka mchangani.

Mama yangu, mtu wa Pangani, nilipomsimulia kwa simu aliuliza, "Mwanangu, huyo si mamba?" Swali hilo lina wenzake. Mwaka 1811 Joseph Anning alipoona fuvu kubwa katika pwani hiyo hiyo, na dada yake Mary akapata sehemu ya kiwiliwili mwaka uliofuata, wengi walisema ni mamba. Mama hajui Kiingereza, nami sikutaka kumpa jibu la kumnyamazisha. Nilitaka alione taya lile kwa Kiswahili chake.

Niliwapelekea taya hilo wenzangu watatu, waokotaji wa visukuku kwa mapenzi tu. Hakuna aliyeanza na jina. Wa kwanza aliuliza, "Meno yameshikwaje?" Hapo ndipo nilipopata maneno ya kumpelekea mama. Meno ya mamba hukaa kila moja katika tundu lake, mfano wa mashimo ya bao. Haya yamejipanga katika mfereji mmoja mrefu usio na kuta, kama abiria ndani ya mtumbwi. Wa pili alishika lenzi, akanionyesha kwamba kila jino lina umbo la pia, na mzizi wake una mikunjo inayoshuka wima. Dalili hizo mbili kwa pamoja zilielekeza kwa iktiosauri, mtambaazi wa baharini. Nilimsihi wa tatu ataje aina yake kamili. Akakataa: kipande kile hakitoshi kusema zaidi.

Limebaki suala la neno. Jina la kitaalamu limeundwa kwa Kiyunani, nalo maana yake ni samaki-mjusi. Tafsiri hiyo inavutia masikio, lakini inapotosha: mnyama huyu alivuta hewa kwa mapafu na alizaa watoto hai, kwa hiyo hakuwa samaki, wala hakuwa mjusi. Msikilizaji wa Pangani, anayemjua samaki vizuri kuliko mimi, angepewa picha isiyo sahihi. Ndiyo maana nimechagua utohozi, kisha maelezo ya mfereji na pia yakafuata. Mwenye neno la Kibantu linalofaa zaidi na alilete. Nitalipima kama nilivyopimiwa taya.

Kwa sasa kibandiko nilichokiandika kinasema: "Kipande cha taya. Iktiosauri. Jurasi ya Awali. Aina haijabainika." Nimekiandika kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza chini yake.