Kidole Kimoja

Siku ya tatu baada ya kufunga breki mpya, baiskeli ilisimama na mimi nikaendelea. Nilipita juu ya usukani, nikatua kwa kiwiko mbele ya kijiwe cha bodaboda, hatua chache kutoka geti la hosteli.

"Pole, dada," kijana mmoja akasema, akiinua baiskeli kabla hajaniinua mimi. "Hizo ni breki au mtego?"

Nilikuwa nimebana kwa ngumi nzima, vidole vinne kila mkono. Ndivyo ninavyobana siku zote.

Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro. Utafiti wangu unahusu udongo wa mashamba ya miteremkoni, kwa hiyo mara mbili kwa wiki napanda Uluguru kwa njia ya Morningside, kisha nashuka na mifuko ya udongo mgongoni. Njia ni ya mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua, na asubuhi unapishana na kina mama wanaoteremka na mboga kichwani kwenda soko la Chifu Kingalu. Baiskeli yangu, mtumba wa milimani, ilikuja na breki za waya. Fundi akikaza, waya unalegea. Akikaza tena, unalegea tena. Nikadunduliza miezi 5, nikaagiza breki za mafuta.

Fundi alizipokea kama daktari aliyeletewa mgonjwa wa hospitali nyingine. Alitaka kuongeza mafuta ya breki ya pikipiki, nikamwonesha maelekezo: hizi zinatumia mafuta ya madini tu, na yale ya pikipiki yangeharibu mipira ya ndani. Akafuta mikono, akasoma, akacheka. Breki ya mbele nilimwomba aifunge upande wa kulia, kwa sababu ndiko ilikokuwa kwenye Phoenix ya Baba.

Phoenix hiyo ndiyo iliyonifundisha kubana. Breki zake zilikuwa za vyuma vilivyovuta vipande vya mpira hadi kwenye rimu, na rimu ikilowa, mpira unateleza tu. Nyumbani ni Njombe, na Njombe ni vilima na mvua. Nikiwa na miaka 12, nilitumwa mashineni kusaga mahindi, mdogo wangu wa miaka 6 akiwa nyuma kwenye keria. Siti ilinizidi kimo, hivyo nilikanyaga pedali nikiwa nimepitisha mguu ndani ya fremu. Wakati wa kurudi mvua ikatukuta mteremkoni. Nilibana, nikabana, baiskeli ikazidi kukimbia. Tuliishia mtaroni. Mkono wa kushoto wa mdogo wangu ulivunjika, na mpaka leo haunyooki hadi mwisho.

Baba hakunipiga. Aliuliza mara moja tu: "Ulishika breki?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza, na mimi sikujua kama aliniamini.

Tangu hapo nabana mapema na nabana kwa nguvu zote. Kwa breki za waya, tabia hiyo ilinifaa. Breki za mafuta ni mambo mengine. Mafuta hayabonyei kirahisi: ukisukuma pistoni ndogo iliyo kwenye mkono wa breki, mgandamizo ule ule unafika kwenye pistoni kubwa zilizo gurudumuni, nazo zinabana diski kwa nguvu iliyozidishwa. Blaise Pascal aliieleza kanuni hiyo karne ya 17. Niliisoma sekondari na nikafaulu mtihani wake. Mkono wangu haukuwa darasani.

Tena breki hizi hukudanganya mwanzoni. Pedi mpya lazima zizoeane na diski: unakimbia kiasi, unapunguza mwendo bila kufunga gurudumu, unarudia mara 20 au 30, mpaka utando mwembamba wa pedi ushike kwenye diski. Siku mbili za kwanza zilikuwa butu, nami nikaongeza nguvu kama nilivyozoea. Siku ya tatu zikaamka.

Kiwiko kilipopona nilianza upya, uwanjani jioni. Kidole cha shahada kwenye breki, vitatu vilivyobaki vishike usukani. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani ya kona. Rudisha makalio nyuma mteremko unapokuwa mkali. Usiburuze breki njia nzima, maana diski inapata moto; bana, achia, bana. Hilo la kuachia lilinishinda wiki mbili. Mwishowe nilijifunza kubana kama mtu anayepima parachichi sokoni: unataka kujua limefikia wapi, hutaki kulipasua.

Mwezi uliopita mdogo wangu alikuja kunitembelea. Ana miaka 20 sasa, na ni mrefu kunizidi. Tulipanda pamoja kuchukua sampuli, tukisukuma baiskeli kwa zamu. Wakati wa kushuka akaniomba aendeshe.

Nilitaka kukataa. Badala yake nikamwambia, "Kidole kimoja. Kimoja tu, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Akaondoka. Nilibaki nimesimama na mifuko yangu ya udongo, na vidole vyangu vyote vinane vilikuwa vimekunjwa, vinabana hewa. Alipofika kwenye mfereji wa kwanza gurudumu la nyuma liliteleza kidogo kwenye vumbi. Akaachia, akabana tena taratibu, akasimama pembeni kumpisha mama mmoja mwenye tenga.

Nilipomfikia alikuwa anakiangalia kidole chake. "Hii inasimama kweli," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Siyo kama ile ya Baba."

Hatukuwahi kuizungumzia ile siku. Nikamwambia kwamba nilishika breki.

"Najua. Usiku ule vidole vyako vilikuwa vimevimba, hukuweza kumega ugali. Nilimwambia Baba."

"Akasemaje?"

"Kesho yake alibadilisha mipira ya breki. Hukuiona?"

Sikuwa nimeiona. Sikuigusa tena Phoenix ile mpaka nikaondoka nyumbani.

Akapanda tena, akashuka polepole ili nimfikie kwa miguu. Kwenye kila kona nilisikia diski ikilia kidogo, halafu kimya, halafu ikilia tena.