Kidonge Kimoja na Nusu

Mama alimpa yule mbwa jina la Mtasema, na jina lenyewe halikumlenga mbwa. Liliwalenga majirani. Kwetu Handeni mbwa humbebea mwenye nyumba maneno asiyoweza kumwambia mtu usoni: unasimama mlangoni jioni, unaita "Mtasema! Mtasema wee!", na aliyekusudiwa anasikia huko aliko. Nimewahi kuwajua mbwa wawili walioitwa Walimwengu, na mmoja aliyeitwa Hawachoki. Mtasema alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio lake moja limechanwa na nguruwe pori, kilo 18 kwa mzani wa mahindi. Usiku alilala shambani na mjomba kuwafukuza nguruwe. Mchana kazi yake ilikuwa nyani na ngedere.

Mara ya kwanza alipoanguka ilikuwa Julai 2010. Mimi nilikuwa nafundisha Korogwe, nimepanga chumba Manundu, na likizo ilinikuta uani kwa mama tukipukuchua mahindi. Mtasema alikuwa amelala kwenye magunzi. Akanyanyua kichwa, akatazama kitu ambacho hakikuwepo, akaanguka ubavu kama aliyesukumwa. Miguu yote minne ikakakamaa, kisha ikaanza kukimbia hewani. Taya zikawa zinagongana, tak, tak, tak, povu likatoka, mkojo ukamtoka. Macho yalikuwa wazi na hayakuona chochote. Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakulia. Mbwa anayebweka hata jani likianguka, safari hii alikuwa kimya kabisa.

Mjomba aliingia ndani akatoka na rungu.

"Tokeni hapo. Kichaa hicho."

Hakuwa mkatili. Utotoni mwake alimwona kijana wa kijijini kwao akifa kwa kichaa cha mbwa, amefungwa kamba kitandani, kikombe cha maji kikiletwa anapiga mayowe. Mtu aliyeona hilo hasubiri maelezo. Mama ndiye aliyesimama katikati, ungo mkononi, akamwambia, "Kaka, subiri amalize." Sijui alikuwa na maana gani. Nadhani hata yeye hakujua. Lakini mbwa alimaliza. Akainuka akiyumba, akagonga kichwa kwenye kinu, akazunguka uani kama mgeni aliyepotea, na baada ya robo saa alikuwa anakula pumba za kuku kama hajala mwezi mzima.

Bwana mifugo alikuja kesho yake na pikipiki. Alitupa neno moja ambalo hadi leo naona lingeokoa mbwa wengi: mfungeni siku kumi. Mbwa wa kichaa aliyekwisha kuonyesha dalili hafiki mbali, anabadilika, anashindwa kumeza, anapooza, anakufa. "Siku ya kumi na moja akiwa anakula na kutikisa mkia, tafuteni ugonjwa mwingine." Tukamfunga chini ya mwembe. Mjomba alikuwa anapita mbali, rungu lake limeegeshwa ukutani, na kila asubuhi anauliza, "Bado yupo?"

Alikuwepo. Ikabaki kutafuta huo ugonjwa mwingine. Bwana mifugo alidhani ndorobo, na hakuwa wa kulaumiwa, maana upande wetu mbung'o hawakuanza jana. Huko chini kuelekea baharini, ranchi ya Mkwaja ilihangaika nao kwa miongo mingi, ng'ombe wakiishi kwa sindano, hadi mwisho eneo lake likaingia kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbwa naye hupata ndorobo, na mara nyingi macho yake hugeuka kuwa na ukungu. Ya Mtasema yalikuwa safi. Akauliza kuhusu dawa ya kuogeshea ng'ombe, kama huenda aliramba kopo. Hapana. Akauliza sumu ya panya. Hapana. Mama naye alikuwa na jibu lake, degedege, na mara ya pili ilipotokea, mwezi wa nane, alimpelekea kitunguu puani, kama alivyotufanyia sisi utotoni. Mara ya tatu ilikuwa wiki tatu baadaye, usiku, shambani, mjomba akiwa peke yake naye gizani. Asubuhi alirudi nyumbani akasema kwa sauti ndogo, "Huyu mbwa anaumwa." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kutotaja kichaa.

Korogwe kulikuwa na daktari wa wanyama aliyesomea Sokoine, Morogoro. Kondakta wa basi hakutaka hata kunisikiliza. Mtasema alisafiri kilomita 65 juu ya lori la mahindi, amefungwa kwenye gunia shingo nje, na barabara ile wakati huo ilikuwa vumbi tupu. Tulifika tuna rangi moja, yeye na mimi. Daktari alimpima, akachukua damu, akauliza maswali mengi kuliko niliyowahi kuulizwa na daktari wangu mwenyewe. Ana miaka mingapi? Miwili. Katikati ya mianguko anakuwaje? Mzima kama sisi. Huanguka akiwa anafanya nini? Amelala, au ndiyo anaamka. Akaniambia kwamba mbwa akianza kuanguka akiwa kati ya miezi sita na miaka sita, na ukatafuta sumu, maradhi ya damu, ini, usikute kitu, basi ni kifafa chenyewe, kile kile cha binadamu, umeme wa ubongo unaopiga shoti. Hakiponi. Kinatulizwa.

"Na anapoanguka, msimwekee kitu mdomoni. Ulimi hataumeza. Sogezeni vitu vigumu, mwacheni, halafu tazameni saa. Ikifika dakika tano hajaacha, hiyo ni hatari."

Nikamuuliza kama kitunguu kinasaidia. Akacheka. "Kinamsaidia anayekishika."

Dawa ilikuwa fenobabitoni, vidonge vya miligramu 30. Kwa kilo zake, kidonge kimoja na nusu asubuhi, kimoja na nusu jioni, kila saa kumi na mbili, bila kukosa, na kamwe isikatishwe ghafla. Nikaenda na cheti kwenye duka la dawa. Dada wa kaunta alikisoma, akaniangalia.

"Mgonjwa ana umri gani?"

"Miaka miwili."

"Kilo?"

"Kumi na nane."

"Mashaallah, mtoto kanona. Jina lake?"

"Mtasema."

Akaweka kalamu chini. Ilinibidi nieleze, na wateja watatu nyuma yangu wakasikia. Mmoja akasema mji huu una watu wanaolala na homa kwa kukosa panadol na mwalimu ananunulia mbwa dawa ya kifafa. Sikuwa na la kumjibu. Dada yule alinikatia vidonge 90, vya mwezi mmoja, na tangu siku hiyo kila nilipoingia aliniuliza, "Mtasema hajambo?"

Ni dawa ya zamani. Aliyegundua kuwa inatuliza kifafa ni daktari Mjerumani, Alfred Hauptmann, mwaka 1912, wakati Korogwe yenyewe iko chini ya Wajerumani na garimoshi lao limekwisha kuwa linapita pale kwa miaka kumi. Imebaki ya bei nafuu, na labda ndiyo maana imebaki.

Wiki mbili za kwanza Mtasema alikuwa mlevi. Aliyumba, miguu ya nyuma ikienda kwake na ya mbele kwake. Hilo likapita. Lisilopita lilikuwa njaa na kiu. Dawa ile inafanya mbwa anywe maji kama ngamia, na hapa lazima msomaji aielewe Handeni. Kwetu maji hayanywewi tu, yanahesabiwa. Bomba kuu la HTM, lililojengwa miaka ya 1970 kuleta maji ya mto Pangani kutoka Korogwe, linatoka likitaka na linakauka likitaka, na likikauka unanunua dumu la lita 20 kwa mwenye baiskeli au unakwenda lambo ukagombane na ng'ombe. Mbwa akawa anamaliza sufuria nzima kabla ya adhuhuri. Mama alinipigia simu akisema, "Ulichomletea siyo dawa, ni mdai." Ikawa dawa yake inatoka Korogwe na maji ya kuishushia yanatoka Korogwe, na mimi kati ya hivyo viwili nimekuwa mchukuzi, kila mwisho wa mwezi na mfuko wa vidonge.

Lakini mtu wa kumpa kila siku hakuwa mimi. Alikuwa mjomba.

Mjomba ni mtu wa msikiti, wa safu ya mbele kabisa. Mate ya mbwa kwake ni najisi inayotaka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwa maji yetu ya kuhesabu, kumshika mbwa kinywa mara mbili kwa siku isingewezekana. Akabuni yake. Alifinyanga tonge la ugali, akachomeka kidonge na nusu katikati, akarudi hatua tatu, akalirusha. Mtasema alilidaka hewani. Saa hakuihitaji: jua likichomoza, na baada ya Magharibi. Kwetu jua halina tabia ya kubadilika sana, kiangazi wala masika, kwa hiyo saa kumi na mbili zilikuwa kumi na mbili kweli, zaidi ya ambavyo mimi ningeweza kwa simu yangu inayolia king'ora.

Daktari alitaka kumbukumbu. Nikanunua kauntabuku, nikachora safu tatu: tarehe, dakika, baada yake. Nilipokuwa siko aliandika mjomba, na mjomba hakupita shule ya serikali. Alisoma chuoni tu, kwa maalim. Kwa hiyo daftari lile lina miandiko miwili. Wangu unatoka kushoto, wake ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, unatoka kulia, na kwenye kurasa nyingine inakutana katikati. Kila nikienda ilibidi nimsomee daktari nikiwa nimekaza macho kama mtoto wa juzuu.

Kwa kalamu zote mbili, toka Julai hadi Desemba 2010 alianguka mara saba. Mwaka 2013 mzima, mara nne, na hakuna iliyozidi dakika mbili.

Katikati kuna ukurasa ambao ni wangu na aibu yake ni yangu. Idd ya 2012 nilichelewa. Dawa zilikuwa zimebaki za siku mbili, nilijua, nikajiambia nitapanda basi kesho, kesho ikawa keshokutwa. Usiku wa pili bila dawa Mtasema alianguka mara nne, na mara ya nne hakuacha. Mjomba alimwaga maji ya dumu zima juu yake, maana mwili ulikuwa unawaka, akamwingizia kwa nyuma ile diazepamu tuliyokuwa tumepewa kwenye bomba la sindano lisilo na sindano. Alitumia mkono wake mtupu. Nilipofika asubuhi nilimkuta anajiosha kwa udongo, mara ya sita au ya saba, hakuniambia kitu, wala salamu yangu hakuiitikia hadi alipomaliza.

Katika miaka hiyo hatukusema kifafa nyumbani. Nyumba ya pili kulikuwa na binti mwenye kovu la moto toka kiwiko hadi begani, kila mtu alijua alianguka jikoni na kwa nini, na hakuna aliyelitaja. Mama aliona ni kumtukana binti wa watu kupiga kelele za kifafa kwa ajili ya mbwa. Akaanza kusema "kasafiri". Mtasema kasafiri. Karudi? Karudi, anatafuta chakula. Hata kwenye simu mjomba alinipa taarifa hivyo: "Jana kasafiri dakika moja unusu."

Hata hivyo mama wa binti alijua. Siku moja kisimani alimwambia mama mbele za watu: "Mbwa wenu ana daktari Korogwe. Mwanangu ana nini?" Mama alirudi na ndoo nusu. Mimi nikaenda jioni kumweleza mama wa binti kwamba dawa ni hiyo hiyo, kwamba hospitali ya serikali wanaitoa, kwamba povu haliambukizi na mtu akianguka motoni wa kwanza kumfikia amtoe. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai, asiende. Baadaye nilisoma habari za Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norwei, ambaye kule Mahenge aliwakuta wenye kifafa wana makovu kama yale, wanaogopwa hata kula nao, akawafungulia kliniki mwanzoni mwa miaka ya 1960, na fenobabitoni ndiyo ilikuwa silaha yake. Nusu karne, na kati ya Mahenge na uani kwetu hapakuwa na mtu aliyelifikisha neno. Binti alianza dawa mwaka 2014. Ningependa kusema ni kwa ajili ya Mtasema. Nadhani zaidi ni kwa sababu bibi yake, aliyekuwa akikataa, alikuwa amefariki.

Lami ilipokwisha kuwekwa, Handeni na Korogwe zikawa saa moja na kidogo, na mimi nikaanza kwenda mara chache zaidi. Ndivyo ilivyo. Dawa nilimpa dereva. Mtasema alizeeka akiwa mzito, mdomo mweupe, hawakimbizi nguruwe tena ila anawabwekea akiwa amekaa.

Agosti 2018 mjomba alipiga simu kusema nisilete dawa mwezi huu. Nilikwenda Jumamosi. Alikuwa amekwisha kumzika, mwisho wa shamba, upande ambao nguruwe huingilia. Daftari lilikuwa juu ya kinu. Nikafungua ukurasa wa mwisho, mwandiko wake, nikasoma polepole kutoka kulia: tarehe, halafu kwenye safu ya baada yake, kasafiri. Safu ya dakika hakuijaza.