Nafsi Katika Ubeti: Ungamo la Msahihishaji

Anayefundisha utunzi wa mashairi huzoea kusoma kwa kidole. Huhesabu mizani, hukagua vina, hutazama kama kituo cha kila ubeti kimetimia, kisha hutia alama pembeni. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi, wala sidai kwamba ni kazi ya bure. Hata hivyo, lipo shairi moja nililolisahihisha kwa kidole ambalo linanisuta hadi leo. Nalizungumzia hapa kwa sababu swali lililozuka kutokana nalo halinihusu mimi peke yangu: je, mwalimu na mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ampokee vipi mtunzi chipukizi anayekuja na jeraha lake mwenyewe?

Shairi hilo lilitungwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili. Wenzake walikuwa wameleta tungo kuhusu UKIMWI, ufisadi, umoja wa taifa na faida za elimu. Yeye aliandika beti 6 kuhusu kifo cha kaka yake. Usiku ule ndugu yake alipozidiwa, nafsi-neni ilisikia ikiitwa jina, ikadhani ni ndoto, ikajifunika shuka. Baadaye, katika ubeti wa tano, mama anaendelea kupakua sahani ya marehemu kila jioni, na binti hana ujasiri wa kumwambia kwamba aliisikia ile sauti.

Beti 3 za mwanzo zilikuwa tarbia isiyo na dosari, mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Katika ubeti wa nne, pale jina lilipoitwa, mshororo mmoja ulikatika ghafla. Ulikuwa na mizani 5 tu, bila utao na bila kina. Niliuzungushia kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika kwamba arudhi imevunjwa, na kwamba ingefaa "mimi" igeuzwe "sisi" ili shairi liwe na ujumbe kwa jamii.

Mwanafunzi alitii. Wiki iliyofuata alileta shairi lililokamilika kwa vina na mizani, likihimiza jamii iwajali wagonjwa. Sahani haikuwamo, wala shuka. Nililituza alama za juu. Muhula uliofuata alichagua masomo ya isimu, na sikuona tena utungo wake. Siku moja alibisha ofisini kwangu, akauliza kwa adabu kama ningali na ile nakala ya kwanza, kwa kuwa hakuwa na nyingine. Nilikuwa nimekwisha kuitupa pamoja na karatasi za muhula uliopita.

Nimejiuliza mara nyingi kosa langu lilitoka wapi. Sehemu ya jibu imo katika malezi yetu ya kihakiki. Kizazi changu kililelewa juu ya mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko. Kwa upande mmoja kulikuwa na sheria za utunzi alizoziratibu Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Kwa upande wa pili kulikuwa na Euphrase Kezilahabi, ambaye diwani yake ya Kichomi (1974) ilithubutu kuachana na vina na mizani. Tuliandika tasnifu, tukagawanyika kambi. Lakini aghalabu mjadala ule ulihusu umbo la shairi. Tulibishana juu ya mlango, tukamsahau aliyekuwa akibisha hodi. Zaidi ya hayo, kambi zote mbili zilikubaliana, pasipo kutamka, kwamba mshairi ni sauti ya jamii, na kwamba anayejisema mwenyewe bado hajakomaa.

Dai hilo haliafikiani na historia ya ushairi wetu. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mnamo 1858, alianza kwa kumwita binti yake amkaribie na kumweleza kwamba maradhi yalikuwa yamemshika kwa muda wa mwaka mzima. Tumezoea kuufundisha utendi huo kama hazina ya mawaidha ya ndoa na dini, nao ni hazina hiyo kweli. Lakini mawaidha yale yanatoka kinywani mwa mama anayehofu kwamba muda wake unakwisha. Ondoa hofu hiyo, nawe utabaki na orodha ya maagizo. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, hakuona haya kumlilia mkewe Amina kwa ushairi ndani ya masimulizi ya nathari. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wa Kenya: Twendapi?, alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki gerezani, mengine kwenye karatasi za chooni. Diwani hiyo ilipotoka mwaka 1973, ilikuwa imezingatia kanuni za mapokeo kwa ukamilifu, na papo hapo msomaji alimwona ndani yake mtu mmoja, katika chumba kimoja, akipimana nguvu na moyo wake. "Mimi", basi, si mgeni katika nyumba ya Kiswahili.

Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu, hunipinga hapa. Husema kwamba tukifungua mlango huu tutafurikwa na vilio, na kwamba kilio si sanaa. Hoja yake ina uzito. Nimesoma tungo na insha nyingi za vijana ambamo uchungu ni wa kweli lakini lugha ni ya kuazima: machozi yanatiririka, moyo unavuja damu, giza linatanda. Mwandishi wa namna hii amejianika, lakini hajasema lolote ambalo mwingine hangeweza kusema. Sauti haipatikani kwa kufichua siri tu. Hupatikana pale mtunzi anapochagua, kati ya mambo mengi yaliyomuumiza, lile moja linaloweza kubeba mengine yote. Yule mwanafunzi alikuwa amechagua sahani na shuka. Hiyo ilikuwa kazi ya sanaa, nami sikuitambua kwa kuwa nilikuwa nikihesabu.

Na ule mshororo wa mizani 5 je? Huenda ulikatika kwa makusudi, kwa sababu mwenye kuitwa hakuitika. Huenda pia mtunzi alishindwa tu kuukamilisha. Sijui, kwa maana sikumwuliza. Na kutomwuliza kwangu ndiko kosa, kuliko hata ile kalamu nyekundu.

Hatari nyingine iko upande wa pili wa njia. Mwalimu aliyezinduka anaweza kuwa mlafi wa majeraha, akawaagiza vijana waandike yaliyowauma na kuwatuza waliovuja zaidi. Huo nao ni udhalimu. Kijana ana haki ya kunyamaza, na mama wa kwenye shairi ana haki ya kutojadiliwa darasani. Siku hizi sitoi zoezi la namna hiyo. Likija lenyewe, nalisoma kwa sauti nikiwa peke yangu kabla ya kushika kalamu. Alama naziandika kwenye karatasi ya kando. Nauliza kabla ya kusahihisha: hapa ulikusudia nini? Nakala ya mwanzo hurudi kwa mwenyewe, hata ikiwa na makosa.

Mengi ya shairi lile yamenitoka. Ule mshororo uliokatika ninaukumbuka, neno kwa neno. Sitaunukuu hapa, kwa sababu si wangu.