Nguzo Iliyonifundisha Kuuliza

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu ya uhandisi wa madaraja niliiamini kompyuta kuliko nilivyoliamini zege. Naingiza vipimo vya nguzo, naingiza tetemeko, programu inaniambia daraja limesimama, nami nakwenda kulala. Sisemi haya ili nijilaumu. Ndivyo nilivyokuwa, na huenda wewe unayesoma uko hapo hapo.

Kisha nikapata nafasi ya kusoma Marekani, katika maabara ya kupima miundo. Nilioshindana nao nyumbani Tanzania hawakuwa wamepungukiwa na chochote nilichokuwa nacho. Nilipewa tu, na hadi leo nashukuru.

Daraja zima haliingii maabara. Hata meza ya mtikisiko ya E-Defense kule Miki, Japani, iliyojengwa baada ya tetemeko la Kobe, ina mita 20 kwa 15 na hubeba tani 1,200. Kwa hiyo daraja hugawanywa. Sehemu ambazo tabia yake inafahamika vizuri, kama sitaha na uzito wake, hubaki ndani ya kompyuta. Nguzo ambayo hakuna anayethubutu kuitabiri hujengwa kwa zege na nondo za kweli, ikafungwa kwenye sakafu nene ya maabara, na jeki za mafuta zikaegemezwa kwenye ukuta wa zege ulio nyuma yake.

Hapo mazungumzo huanza. Mtikisiko uliorekodiwa hukatwa vipande vya sehemu ndogo sana za sekunde. Kwa kila kipande kompyuta hukokotoa sehemu ya juu ya nguzo ingesogea kiasi gani, jeki zikaisukuma umbali huo huo, na vipimo vikasoma nguzo inavyokaidi. Nguvu hiyo hurudishwa kwenye kompyuta, nayo huitumia kukokotoa hatua inayofuata. Tetemeko la sekunde chache laweza kuchukua saa nyingi. Wajapani ndio walioianzisha njia hii, na mwaka 2003 vyuo vikuu vya Illinois na Colorado viliijaribu kwa pamoja: nguzo moja ya fremu ya chuma huku, nyingine kule, sehemu ya kati ndani ya kompyuta, vyote vikiunganishwa kwa intaneti. Bado nastaajabu nikilifikiria hilo.

Nguzo yetu ilikuwa na ringi chache za kufunga nondo, kila sentimita 30 hivi, kama zilivyokuwa nguzo nyingi za California kabla ya tetemeko la San Fernando la 1971. Kwenye skrini mstari wa utabiri wangu na mstari wa nguzo ilikwenda pamoja kwa muda mrefu. Kisha ikaachana. Wangu uliendelea kupanda. Wa nguzo ukashuka.

Fundi mmoja mzee alisimamisha mitambo, akaniita nishuke nitazame. Zege la nje lilikuwa limebanduka karibu na kitako cha nguzo. Kati ya ringi mbili, nondo za wima zilikuwa zimebinuka kwenda nje, kama mzigo wa kuni unavyofumuka pale kamba zilipoachana mno. Ringi iliyo juu yake ilikuwa imefunguka kwenye kona. Hakuna aliyewahi kuiambia programu yangu kwamba ringi hufunguka.

Ningependa kusema nilibadilika siku ile. Sikubadilika. Miezi iliyofuata niliitumia kugeuzageuza namba hadi mstari wangu ufanane na wa nguzo, na ulipofanana nikajiona nimeelewa. Nguzo ya pili ikaukana tena. Kilichonivunja hatimaye ni kusoma majaribio ya watu wengine. Kati ya 2004 na 2014 maabara za Marekani zilizokuwa katika NEES, mtandao wa utafiti wa matetemeko, ziliweka vipimo vyake wazi, pamoja na picha za nguzo zilizovunjika na namba zilizowaumbua waliotabiri. Watu nisiowajua walinipa bure kile kilichowagharimu.

Na si wao peke yao waliolipa gharama. Tarehe 17 Oktoba 1989 barabara ya ghorofa ya Cypress kule Oakland iliwaangukia watu, wakafa 42. Tarehe 17 Januari 1995, kule Kobe, mita zipatazo 635 za barabara ya juu ya Hanshin zilipinduka upande, katika tetemeko lililoua zaidi ya watu 6,400. Nguzo niliyoitazama mimi ilivunjika mbele ya mafundi waliovaa kofia ngumu, na jioni kila mtu akarudi kwake. Sijui nilifanya nini nikastahili kujifunza kwa namna hiyo.

Nilirudi nyumbani. Tulishaonywa na sisi: Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9. Leo nikiletewa michoro ya daraja, kabla ya kufungua majedwali ya mahesabu natafuta ringi za kitako na kichwa cha nguzo, nasoma zimeachana kiasi gani na ncha zake zimekunjwa vipi. Kisha namuuliza kijana aliyechora ni kitu gani programu yake haikuambiwa. Wengine hukasirika. Nawaelewa, nami huketi nao.

Kama una mashaka na mahesabu yako, vipimo vile vya NEES viko kwenye tovuti ya DesignSafe, bila malipo. Anza na picha, grafu baadaye.