Kila Jiwe na Jina Lake

Sehemu ya kiinua mgongo changu niliitumia kununua kamera, lenzi mbili na stendi ya miguu mitatu. Wenzangu walinunua mabati na ng'ombe. Mimi nilitaka kuipiga picha Kilwa Kisiwani, ambayo kwa miaka mingi niliisomesha kwa chaki na ramani tu.

Kamera humfundisha mtu kutazama. Lenzi pana ilikimeza chumba kizima cha Husuni Kubwa, lakini ilizipinda kuta. Ikanibidi nirudi nyuma, niinyooshe kamera, nisubiri kivuli kisogee. Adhuhuri mawe ya matumbawe hung'aa meupe na nakshi zake hupotea. Jua likiinama, kila mchongo hujitokeza. Msikiti Mkuu, ulioanza kujengwa karne ya 11 na kupanuliwa baadaye, niliupiga saa kumi na moja jioni, wakati mwanga ulipokuwa ukiingia chini ya matao.

Usiku ule, Kilwa Masoko, nilikaa kuzipanga picha. Kamera ilikuwa imezipa namba. Majina ilibidi nizipe mimi. Kijana aliyetuvusha kwa mashua akaja kutazama.

"Hapa ni wapi?" nikamuuliza.

"Magofu hayo, Mwalimu."

"Na hapa?"

"Nako magofu."

Husuni Kubwa ya karne ya 14, birika lake la pembe nane, Gereza lililo ufukweni, kuba za msikiti: vyote magofu. Simlaumu, kwani ndilo neno analolisikia kwa kila mgeni anayemvusha. Lakini gofu ni hali ya jengo lililokufa. Halisemi watu waliishije humo.

Kesho yake, kisiwani, mama mmoja aliitazama picha ya uwazi mdogo uliochongwa ukutani, akasema papo hapo: "Hicho kidaka. Kwa marehemu bibi kilikuwapo, akiweka taa." Picha niliyoihangaikia nusu saa ikapata uhai kwa neno moja. Tangu hapo nikaanza kukusanya maneno pamoja na picha: kizingiti, mwimo, tao, kuba, mihrabu, sakafu, dari. Tumbawe hukatwa baharini lingali laini, likachongwa kabla halijawa gumu. Jingine huchomwa kwa kuni likawa chokaa. Boriti hutoka mikokoni, na urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba, ambao mara nyingi haukuzidi sana mita 3. Mshairi ataelewa upesi: boriti ni mizani ya nyumba. Fundi hakulalamika kwamba mizani inambana. Alijenga vyumba virefu na vyembamba, vikapendeza.

Wala ulinganisho huu si wangu. Neno letu ubeti lina asili ya Kiarabu, bayt, lenye maana ya nyumba, na pia mstari wa shairi. Majina ya majengo yenyewe nayo ni historia. Husuni ni ngome kwa Kiarabu. Gereza huhusishwa na igreja, neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno walijenga ngome Kilwa mwaka 1505, Waomani wakaijenga upya baadaye, na leo neno hilo kwetu ni nyumba ya wafungwa. Picha haiwezi kuonyesha safari hiyo.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kuta zilipozidi kubomoka, mwaka 2004 zikawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Zikakarabatiwa, zikaondolewa humo mwaka 2014. Ukuta una orodha na mafundi wake. Neno likibomoka halitangazwi popote: hufa na bibi aliyekuwa akiweka taa kidakani.

Kwa hiyo kila picha yangu sasa ina maandishi chini yake: jina la sehemu, kazi yake, na mahali nilipolisikia jina hilo. Nanyi wenzangu mlioko Lindi, Mafia, Mombasa au Lamu, waulizeni wazee, kisha msiyaache maneno hayo yakae daftarini. Yatieni katika tungo. Anayetafuta kina cha "ka" anacho kidaka. Anayetafuta "ti" anacho kizingiti, na boriti pia.