JUMAMOSI TISA

Wenzangu wakiambiwa waandikie jarida la Chama chetu cha Kiswahili huchagua ajali ya barabarani, ndoto ya kutisha, au siku ndovu walipoingia shamba la jirani. Hayo yote hapa Voi yapo. Mimi nimechagua ushuru wa soko. Najua umeshaanza kupiga miayo, lakini vumilia kidogo, maana jambo hili nusura linitenganishe na mama yangu mzazi.

Mama anauza mboga katika soko moja hapa mjini. Sukuma wiki, kabichi, nyanya, karoti na dania, nyingi zikiwa zimeteremka na matatu kutoka Wundanyi na Werugha, kule milimani kwenye baridi, kwa sababu huku kwetu chini jua ni kali na maji ni ya kuhesabu. Siku za shule huwa peke yake. Jumamosi ndiyo zamu yangu. Alfajiri tunatoka Mwakingali na mkokoteni, na kukicha mimi napanga mafungu ya nyanya naye anakwenda stendi kungojea magunia. Kabla ya kuondoka huniachia sarafu za ushuru ndani ya kopo la majani ya chai. "Mama Risiti akipita, lipa, na karatasi uiweke vizuri." Wenzake wengine hulipa kwa simu, lakini mama anapenda sarafu, anasema sarafu ukiitoa unaisikia.

Mama Risiti si jina lake. Ndivyo tunavyomwita sisi watoto wa sokoni. Ni mwanamke mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi, mwenye kimashine kidogo shingoni. Unatoa pesa, anabonyeza, mashine inakoroma kidogo na kutema kikaratasi chenye tarehe. Mchana hupita askari wa kukagua, na asiye na karatasi ya siku hiyo mizani yake hubebwa. Askari hao tunawaita kanjo, jina lililobaki tangu enzi za baraza la manispaa, ijapokuwa baraza lile la madiwani na meya lilikwisha na uchaguzi wa Machi 4, 2013.

Mambo ya baraza hilo nimesimuliwa na babu, ambaye alikuwa akipanda trekta la taka. Kwa babu, baraza lilikuwa jambo kubwa kuliko Bunge la Nairobi. Anakumbuka madiwani walivyobishana saa nzima juu ya mbuzi wanaozurura mjini, tena kwa hasira, kana kwamba mbuzi hao walikuwa na kura. Walijadili kichinjio, leseni za hoteli, makaburi, mitaro na nani apewe kibanda gani. Anasema serikali kubwa utaijua kwa hotuba zake, lakini baraza la mji utalijua kwa pua: likifanya kazi husikii kitu. Siku hizo tiketi za soko zilikuwa vitabu vyenye karatasi ya kaboni katikati, nakala moja kwa mlipaji, nyingine ibaki. "Kaboni haisahau," hupenda kusema.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na kazi zile za mabaraza zikahamia huko. Nimeisoma Jedwali la Nne mwenyewe katika maktaba ya shule. Masoko, leseni za biashara, uzoaji wa taka, vichinjio, makaburi, hata leseni za mbwa, yote ni ya kaunti. Kaunti yetu ya Taita Taveta ina wadi 20, sita kati ya hizo zikiwa katika eneo bunge la Voi: Mbololo, Sagalla, Kaloleni, Marungu, Kasighau na Ngolia. Wawakilishi wa wadi hukutana Wundanyi. Wazee wengine hadi leo huwaita madiwani na hawasahihishwi.

Sasa turudi sokoni.

Jumamosi ya Juni 1, 2024, kulikuwa na fainali ya klabu bingwa ya Ulaya, Real Madrid na Borussia Dortmund. Nilikuwa kidato cha pili. Kuna kibanda cha kuonyesha mpira karibu na kwetu, na kiingilio chake, kwa bahati mbaya yangu, kilikaribiana mno na sarafu zile zilizokuwa katika kopo. Sikupanga. Asubuhi nilikuwa naziangalia tu. Halafu nikaona chini ya kopo karatasi ya wiki iliyopita.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililoniponza. Karatasi za mashine zile hazina wino wa kalamu. Zikipigwa na jua la Voi siku mbili tatu maandishi hufifia, yakawa kama kivuli cha maandishi. Nikaianika ile ya zamani juu ya gunia. Mama Risiti alipofika nikamwambia, "Nimeshalipia langoni, shangazi." Akaichukua ile karatasi, akaisogeza karibu na macho, akaiangalia, kisha akaniangalia mimi. Akanirudishia. Akaenda kibanda cha pili. Kanjo naye alipopita mchana aliona karatasi, hakuona tarehe.

Real Madrid walishinda mabao mawili kwa bila. Mimi nilijiona nimeshinda zaidi.

Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja. Juni 14 yakaanza mashindano ya mataifa ya Ulaya kule Ujerumani, na karibu kila Jumamosi kukawa na mechi. Yalipokwisha Julai 14, Uhispania wakiwa wamewafunga Uingereza, hata kisingizio cha mpira kilikuwa kimekwisha, lakini nilikuwa nimezoea. Jumamosi mbili za mwisho pesa zilikwenda kwa viazi karai. Jumla yake Juni 1 hadi Julai 27 ni Jumamosi tisa. Nilikuwa nimejiambia ni tatu au nne hivi, mpaka siku nilipoulizwa ndipo nikahesabu kwa kalenda.

Ikaja likizo ya Agosti. Mwaka huo maneno "Mswada wa Fedha" yalikuwa ya moto nchini kote. Ule wa taifa ulikuwa umewatoa vijana barabarani mwezi wa Juni, na Juni 26 Rais akatangaza kwamba hautii sahihi. Wengi hawajui kwamba kaunti nayo huwa na mswada wake wa fedha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inasema makadirio ya bajeti ya kaunti yafike katika Bunge la Kaunti kabla ya Aprili kwisha, mwaka wa fedha uanze Julai 1, na bajeti ikishapitishwa, sheria ya ada na ushuru ifuate ndani ya siku 90. Kabla ya hapo wananchi waitwe watoe maoni. Hilo nalo liko katika Katiba, kifungu cha 196. Ndiyo maana mikutano hiyo huangukia Agosti au Septemba, na ndiyo maana mama alirudi jioni moja na mkoba na habari. "Kesho kutwa kuna mkutano wa ushuru. Utanisindikiza. Wewe ndiye utanisomea."

Wenye kibanda cha vitabu walikuwa na nakala ya mswada, ya Kiingereza. Nilimsomea mama usiku, nikitafsiri. Nilishangaa jinsi mji wote ulivyolala ndani ya karatasi zile. Gunia la kabichi lina mstari wake. Mbuzi ana wake na ng'ombe ana wake. Matatu, mkokoteni, bango la kinyozi, kaburi la mtu mzima na kaburi la mtoto. Mama alinisimamisha hapo kwenye kaburi la mtoto, akaniambia nirudie, kisha akanyamaza.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Mezani mbele walikaa maofisa na waheshimiwa, maji ya chupa mbele yao. Wenye matatu walisema sana. Mzee mmoja aliuliza habari za barabara ambayo, aliambiwa kwa upole, ni ya serikali kuu. Kisha mama akainua mkono. Sikuwahi kumsikia mama akizungumza mbele ya watu zaidi ya watano.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mimi naitwa mama mboga, na mboga zangu mmekula," akaanza. Watu wakacheka. Akaomba mambo matatu: taa ya alfajiri upande wa mboga, mfereji wa maji karibu, na mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za vuli. Kisha akasema, "Na siombi bure. Tangu nianze kuuza pale sijakosa kulipa ushuru hata siku moja. Kama nasema uongo, mwenye mashine yule pale, na asimame aseme."

Akanyosha kidole mlangoni. Mama Risiti alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma. Ukumbi mzima ukageuka. Msomaji, nimewahi kupatwa na malaria, najua kutetemeka ni nini, lakini siku ile ilikuwa tofauti: mwili ulitulia tuli na masikio yakaziba. Mama Risiti aliangalia sakafu. Akaifuta mashine yake kwa ncha ya leso. Mwenyekiti akatabasamu, "Kimya maana yake ni kweli," na watu wakampigia mama makofi.

Karani alimwambia mama maombi yake ayalete kwa maandishi, kwa Kiswahili pia yatapokewa. Jioni mama akaniwekea karatasi ya fulskepu na kalamu, naye akakaa kuchambua kunde. Nikaandika anwani. Nikaandika taa, mfereji, mtaro. Nikaandika "Wako mtiifu". Nikamsomea.

"Mbona hujaandika ile ya ushuru?"

"Ipi, mama?"

"Ile waliyonipigia makofi."

Nilishika kalamu muda mrefu. Kusema uongo kwa mdomo ni jambo moja. Kuuandika kwa mwandiko wako, halafu mama yako atie dole gumba lake chini, mimi nilishindwa. Nikamwambia yote, kuanzia kopo hadi viazi karai. Hakuinua mkono. Aliendelea kuchambua.

"Ngapi?"

Ndipo nikaenda kwenye kalenda. "Tisa."

"Na mabao yalikuwa mangapi?"

Sikujua kama anataka jibu. Siku mbili hakusema nami. Alikuwa akimtuma dada yangu mdogo, "Mwambie kaka yako chakula kiko tayari," na mimi nimekaa hapo hapo, umbali wa mkeka.

Siku ya tatu akanichukua tukamfuata Mama Risiti asubuhi kabla soko halijachangamka. Mama alikuwa amefunga pesa za Jumamosi tisa kwenye pindo la leso. "Shikamoo," nikasema, sauti ikanikwama. "Marahaba." Mama akafungua pindo, akaeleza. Mama Risiti akazitazama zile sarafu bila kuzigusa.

"Dada, hizi sina pa kuziweka. Mashine hii hutoa tarehe ya leo tu. Jana haiijui."

"Basi ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Karatasi ya asubuhi haifi rangi kabla ya saa tatu." Akaniangalia. "Ningeandika hajalipa, wangebeba mizani yako. Nikaandika kibanda kimefungwa."

Nikaelewa kwa nini aliangalia sakafu. Mama alipomwambia asimame aseme, alikuwa anamwambia ajishtaki mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtia katika uongo huo, naye hakuwa hata jamaa yetu. Yeye na mama hujuana kwa salamu tu na fungu la mchicha la kuongezea.

Nyumbani nikamwambia mama niko tayari kuandika ukweli wote katika ule waraka, Jumamosi tisa na jina langu. Nilidhani atafurahi. Akafikiri. "Ukiandika hivyo, watakwenda kwenye daftari lake wakute pamefungwa. Utakuwa umejisafisha wewe, yeye afukuzwe kazi." Kisha akasema, "Basi tusijisifu. Andika taa, andika mfereji, andika mtaro. Hayo ningeyaomba hata kama ningekuwa mgeni hapa."

Nikaandika upya. Tukaupeleka, ukagongwa muhuri wa kupokewa.

Zile pesa mama hakuzirudisha kibindoni. Alinipa, akasema nizitie kwenye kopo, na tangu hapo Jumamosi silisubiri zamu yangu kufikiwa, natoka na sarafu hadi langoni, na Mama Risiti akishabonyeza ananiambia, "Soma tarehe." Naisoma kwa sauti, wachuuzi wanasikia. Mwanzoni walicheka. Siku hizi kuna bibi mmoja asiyejua kusoma ambaye hunipa na yake nimsomee.

Karatasi zote nimezibandika katika daftari la hesabu lililokwisha, chini ya godoro ambapo jua halifiki. Hata hivyo zinafifia. Kwa hiyo kila moja nimeiandikia tarehe pembeni kwa kalamu ya wino.